Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na wasimamizi wa bima: kimya chenu kihesabiwe idhini

Kwa Waziri wa Afya wa Kenya,
Kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA,
Kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima,

Waheshimiwa,

Ninapoandika, dadangu mkubwa amelala chumba cha pili. Ijumaa hii anatakiwa Mombasa kudungwa sindano ya saba kati ya 18 za dawa ya saratani ya matiti. Kabla ya kudungwa lazima moyo wake upigwe picha, kwa kuwa dawa hii huweza kuudhoofisha moyo, na madaktari huutazama kila baada ya miezi mitatu hivi. Ombi la idhini ya picha hiyo lilipelekwa bima siku nane zilizopita. Hatujaambiwa ndiyo, wala hatujaambiwa la.

Nimeandika kwa sababu ya hilo la kutoambiwa. Mwaka na zaidi nimekuwa mtu wa kushika faili lake, kupanga foleni kwenye dirisha la bima, kupiga simu na kuambiwa nipige tena kesho. Zamani nilidhani jambo gumu kuliko yote kwa mgonjwa ni kukataliwa. Sivyo. Aliyekataliwa anajua alipo. Atauliza sababu, atakata rufaa, atauza kiwanja, atawaita ndugu wachange. Aliyenyamaziwa hawezi kufanya hata moja katika hayo, maana huenda idhini ikatoka saa yoyote, na kiwanja kikishauzwa hakirudi. Basi anakaa. Uvimbe haukai.

Dadangu anasimamia chumba cha dobi katika hoteli moja ya huku kwetu pwani ya kaskazini, mwaka wa 17 huu. Ana kadi mbili. Ya kwanza ni ya taifa, anayokatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, kama kila mwajiriwa nchini. Ya pili ni ya kampuni binafsi ambayo mwajiri wake amewalipia wafanyakazi. Kampuni hiyo sitaitaja, wala hospitali sitazitaja. Wagonjwa niliokaa nao benchi moja wana kadi za kampuni nyingine na visa vyao ni ndugu wa kisa chetu. Ningetaja jina moja mngelishughulikia hilo moja, na yaliyobaki yangeendelea vilevile.

Aliugusa uvimbe akioga, mwezi wa Rajabu. Alikaa nao wiki mbili bila kumwambia mtu, kisha akaniita jikoni, akanishika mkono na kuupeleka pale. Tukaenda kupiga picha ya matiti, akakatwa kinyama cha kupimwa, majibu yakatoka: ni saratani, haijasambaa mbali, ikatwe mapema. Daktari bingwa alisema neno "mapema" mara tatu. Siku hiyohiyo hospitali ikatuma ombi la upasuaji kwa bima.

Idhini ilitoka siku ya 33.

Siku ya 12 waliomba majibu ya kinyama, ambayo yalikuwa yameambatishwa tangu siku ya kwanza. Siku ya 20 wakataka kujua kama uvimbe ulikuwapo kabla hajaingia kwenye bima, mtu aliyekuwa na kadi yao miaka mingi. Siku ya 26 tukaambiwa daktari wetu hayumo kwenye orodha yao, tutafute mwingine, na wa orodha mwenye nafasi ya karibu alikuwa Nairobi. Nikapiga simu, nikaandika, nikaenda mwenyewe hadi ofisini kwao, nikakaa kwenye kiti cha mapokezi tangu saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Siku ya 33 ujumbe ukaingia kwenye simu: upasuaji umeidhinishwa. Daktari ni yuleyule, hospitali ni ileile, karatasi ni zilezile. Mpaka leo sijui siku zile 33 zilitumika kuchunguza nini.

Mwaka 2020 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu saratani za aina saba. Kwa saratani ya matiti, kila wiki nne za kuchelewa kwa upasuaji zilihusishwa na ongezeko la asilimia 8 la hatari ya kufa. Wiki nne ni siku 28. Hakuna daktari anayeweza kutuambia siku zetu 33 zilimfanya nini mtu huyu mmoja aliyelala chumba cha pili, na yeye mwenyewe hataki niulize. Lakini nyinyi hamshughulikii mtu mmoja. Makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani kwa mwaka 2022 ni kwamba Wakenya zaidi ya 44,000 walipata saratani mwaka huo na zaidi ya 29,000 walikufa kwayo. Ukiwa na watu wengi hivyo mezani, asilimia 8 ni watu wenye majina.

Baada ya upasuaji ikaja kemo, mara nane, kila baada ya siku 21. Nataka mjue siku ya kemo ikoje, kwa sababu naamini anayeacha ombi limelala kwenye kompyuta hajawahi kuiona.

Kemo haianzi asubuhi ile. Kwanza damu hupimwa ili ijulikane kama chembe nyeupe zimepanda vya kutosha, na kipimo hicho hakikai, baada ya siku mbili tatu hakitumiki tena. Kwa dawa za nusu ya pili, usiku wa kuamkia kemo mgonjwa humeza vidonge vya deksamethasoni ili mwili usiikatae dawa. Vidonge hivyo humnyima usingizi na kumvimbisha uso. Saa kumi alfajiri tunatoka Kilifi ili tuivuke Mtwapa kabla ya foleni ya magari. Saa moja na nusu tuko kliniki. Sista anamkaribisha kwa jina, anamtafutia mshipa, kazi ambayo kwa mgonjwa wa kemo huchukua muda kwa sababu mishipa hujificha. Halafu tunangoja idhini. Kwa bima ya dadangu kila kemo iliombewa idhini yake peke yake, kana kwamba kila siku 21 alikuwa anaugua ugonjwa mpya.

Mara tatu kati ya nane idhini haikutoka siku hiyo. Mara ya kwanza tulikaa hadi saa kumi na moja jioni. Sista akaja, akakaa kando yake, akautoa ule mfereji wa plastiki mkononi taratibu, akasema, "Pole mama, turudi Jumatatu." Ilikuwa Alhamisi. Jumatatu damu ikapimwa upya, kwa pesa yetu, kwa sababu bima ilikuwa imekwisha lipia kipimo cha kemo hiyo. Vidonge vikamezwa upya. Dadangu, ambaye hakulia alipoambiwa ana saratani wala alipojitazama kwenye kioo baada ya titi kuondolewa, alilia garini siku ile ya Alhamisi. Alisema, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa tayari."

Daktari wa saratani hapangi kemo moja. Anapanga safari nzima: dawa zipi, mara ngapi, baada ya siku ngapi, kisha mionzi, kisha nini. Mpango huo huandikwa karatasi moja siku ya kwanza. Sioni sababu yoyote ya kitabibu ya bima kuuidhinisha kwa vipande vinane. Ikiwa hali ya mgonjwa itabadilika, daktari ataubadilisha mpango na atawaandikia.

Kisha pesa ikaisha. Kikomo cha mwaka cha kadi ya kazini kilikwisha tukiwa katikati ya kemo, na vipimo vilikuwa vimeonyesha kwamba saratani yake ni ya aina yenye protini ya HER2 kwa wingi, kama ilivyo kwa takriban wagonjwa 15 hadi 20 katika kila 100 wa saratani ya matiti. Aina hii ni kali, lakini ina dawa yake, Herceptin, na daktari alitaka iingie pamoja na nusu ya pili ya kemo. Kwa bei ya wakati ule ya shilingi 120,000 kwa sindano, sindano 18 ni shilingi 2,160,000. Haikuingia. Tulimaliza kemo bila hiyo.

Hapa nawashukuru, tena kwa moyo mweupe. Mwaka 2025 Wizara ilipatana na kampuni ya Roche, bei ikashuka hadi 40,000 kwa sindano, SHA ikazilipa na mgonjwa asitoe chochote. Dadangu ni mmoja wa wanawake wanaoipata leo kwa sababu ya mapatano hayo. Kwa hiyo najua mnaweza. Mlikaa mezani na kampuni kubwa ya dawa duniani mkaishusha bei kwa theluthi mbili. Ninachowaomba katika barua hii hakihitaji hata kumshawishi mtu wa nje.

Kabla ya mapatano hayo tuliitisha mchango. Kikundi cha wasap kilijaa kwa siku mbili. Wenzake wa hotelini, waumini, watu tuliosoma nao msingi, wakatuma 50, 200, 1,000. Bibi mmoja muuza mahamri wa mtaa wetu alituma shilingi 70 na ujumbe wa kuomba radhi kuwa ni kidogo. Bibi huyo pia hulipia kadi ya taifa, kwa bidii, ingawa hana mshahara wa kukatwa. Alilipia bima yake, kisha akamlipia mgonjwa mwenye bima mbili. Hilo linaniuma kuliko vikomo vyote.

Kuhusu kikomo cha taifa nina neno moja tu. SHA ilipoanza Oktoba 2024, saratani ilitengewa shilingi 400,000 kwa mwaka, na zikiisha, 150,000 za Mfuko wa Dharura na Magonjwa Sugu. Wagonjwa walilia kwamba hazitoshi na serikali imesikia kilio hicho. Lakini hesabu yenyewe ilikuwa ya kaya, siyo ya mgonjwa. Kliniki nilijuana na mke na mume, yeye titi, mumewe umio, na saratani ya umio inawamaliza watu wengi katika nchi hii. Walikuwa wakikaa usiku kuamua nani atumie. Mume alikuwa amekwisha amua, mke hakukubali. Mkipandisha kikomo mara ngapi, mkiacha neno "kaya" pale lilipo, watu wawili wataendelea kuketi juu ya kitanda kimoja wakigawana uhai.

Narudi kwenye kimya, maana ndiko ninakotaka jibu.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Watu wengi wanakijua. Wachache wanakijua cha 47: kwamba uamuzi wa kiutawala uwe wa haraka, wa kisheria na wa haki, na kwamba mtu ambaye haki yake imeguswa au inaelekea kuguswa na uamuzi huo apewe sababu kwa maandishi. Sheria ya mwaka 2015 ya utendaji wa haki wa kiutawala ikakifafanua zaidi. Sasa ombi la tiba ya saratani likikaa siku 33 bila jibu, haraka iko wapi? Na sababu zimeandikwa wapi? Mimi si wakili. Nimesoma vifungu hivyo kwenye simu, usiku, kwenye viti vya hospitali, na havihitaji wakili kueleweka.

Ninachoomba ni kanuni moja itakayozifunga bima ya taifa na bima za kampuni sawasawa. Mgonjwa ambaye majibu ya kinyama yamethibitisha saratani, na daktari bingwa ameandika mpango wa tiba, ombi lake lijibiwe ndani ya siku tatu za kazi, mpango mzima kwa pamoja. Siku tatu zikipita bila jibu, ombi lihesabiwe limekubaliwa, hospitali ianze tiba, na bima ilipe. Atakayekataa akatae kwa maandishi, akiweka jina lake na namba yake ya usajili wa udaktari, na awe daktari anayeijua saratani, si karani wala daktari wa fani nyingine asiyewahi kuandika kemo maishani mwake.

Najua mtakachosema. Mtasema wizi. Ni kweli wizi upo, na mwaka 2025 Wizara yenyewe ilizisimamisha hospitali na vituo vingi kwa madai ya uongo: wagonjwa hewa, watu waliolazwa kwenye karatasi tu. Mnafanya vyema kuwasaka, na pesa wanayoiba ni ile ya muuza mahamri. Lakini fikirini ni nani anayelipa gharama ya huo uchunguzi wenu. Mwizi haumwi na kuchelewa. Mwenye madai ya uongo anaweza kungoja miezi, kwa sababu mgonjwa wake hayupo. Anayeumia kwa kungoja ni yule ambaye ni mgonjwa kweli. Saratani ina kinyama kilichohifadhiwa maabara, kina namba, kinaweza kupimwa tena hata mwakani. Lipeni, kisha kagueni, na mkikuta uongo irudisheni pesa kutoka kwa hospitali, mfungeni aliyesaini. Mgonjwa asiwekwe rehani mpaka mtosheke.

Na huku kwenye kuzuia wizi kuna jambo dogo ambalo huenda hamkulifikiria. Namba za siri zinazotumwa kwenye simu ili kumtambua mgonjwa zinaachwa, alama za vidole zinachukua nafasi yake. Kuna dawa ya vidonge ya saratani, kapesitabini, ambayo huwababua watu viganja na nyayo, na kwa baadhi yao hufuta kabisa alama za vidole. Jambo hili limeandikwa na madaktari kwa miaka mingi. Nilimwona mama mmoja katika hospitali ambayo sitaitaja akiweka kidole kwenye mashine, kisha kingine, kisha vyote kumi, ngozi ikiwa laini kama karatasi ya sigara, na mashine ikakataa kila kimoja. Kitambulisho alikuwa nacho, picha ni yake. Aliambiwa mfumo haumtambui. Dawa mliyomlipia ndiyo iliyomfuta. Toeni agizo la maandishi kwa kila dirisha kwamba mgonjwa wa saratani mwenye kitambulisho na barua ya daktari ahudumiwe hata mashine ikimkataa, na agizo libandikwe ukutani ili mgonjwa mwenyewe aweze kulionyesha kwa kidole kisicho na alama.

Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti, limeziambia nchi kwamba tangu mwanamke afike kwenye kituo cha afya kwa mara ya kwanza hadi ugonjwa wake ujulikane zisipite siku 60. Huko hospitali wanajitahidi. Sisi majibu tuliyapata ndani ya siku 24. Madaktari walikimbia, maabara ikakimbia, dadangu naye akakimbia na woga wake, kisha wote tukafika mlango mmoja tukasimama siku 33.

Sina haja ya kuitwa ofisini kupewa pole, wala sitaki ombi la dadangu lipitishwe haraka kwa sababu nimeandika barua hii huku yule mama wa vidole akibaki benchi. Nataka Wizara iseme hadharani, kwa maandishi, kama itaweka siku tatu au haitaweka. Kama haitaweka, iseme kwa nini.

Leo ni Jumanne. Sista wa kliniki ameniambia nisimlete Ijumaa kama picha ya moyo haijapigwa, kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi nitapiga simu bima tena, na kesho kutwa nitapiga tena. Mkoba wa safari dadangu ameshaupanga, uko mlangoni, na leso yake ya kujifunika ubaridi wa chumba cha sindano iko juu yake. Namba ya ombi ninayo mimi, kwa yeyote kati yenu atakayeiuliza.

Wenu,
Mdogo wake mgonjwa,
Kilifi